Usiisugue Kwanza

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi vijana wenye kamera shingoni, hamjambo. Ahsanteni kwa kuja na jua hili. Mtu hatoki nyumbani mchana wa Jumamosi kuja mpaka Upanga kumsikiliza fundi kamera, isipokuwa ana mzigo wa kamera ya zamani kabatini unaomkosesha usingizi. Naona mifuko chini ya viti. Tutaifungua yote, lakini naomba nianze na wangu.

Kanga hii mnayoiona imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Mzigo ulinifikia ukiwa umefungwa ndani yake, umepakatwa kwenye daladala kutoka Magomeni. Mama mmoja aliingia kibandani kwangu, akauweka juu ya meza, akasema: "Fundi, hii ilikuwa ya marehemu baba, alikuwa na studio. Kuna dalali kaniambia sanduku halina kazi, ila kwa kunisaidia atanunua hiki kichwa cha shaba." Akanitajia bei. Ilikuwa bei ya redio ndogo ya betri.

Nikamwuliza, na sanduku akuachie? Ndiyo, sanduku hataki.

Hapo masikio yakanisimama. Dalali anayekuachia mwili akaondoka na kichwa, yaani lenzi, anajua jambo usilolijua. Mama alitaka nimtajie bei palepale. Nikamwambia, mama, bei ni swali la mwisho. Kaa, nikuagizie chai, kwanza tujue hiki ni kitu gani.

Kwa wale ambao hawajawahi kuikaribia: kamera kubwa ya zamani ni kitu chepesi kuelewa kuliko simu yako. Mbele kuna ubao wenye lenzi. Nyuma kuna kioo cha ukungu, ambapo picha inaonekana kichwa chini miguu juu. Katikati kuna mvukuto wa ngozi au kitambaa, umekunjwakunjwa kama kinanda cha mkono. Mpiga picha anajifunika kaniki, anasogeza mbele na nyuma mpaka picha ikae sawa, kisha anachomeka kasha la filamu pale kilipokuwa kioo. Basi. Hakuna betri, hakuna kompyuta. Ndiyo maana kamera ya miaka 110 ikitunzwa inafanya kazi leo, na ndiyo maana ni rahisi watu kubadilishabadilisha vipande vyake. Hilo la pili lishikeni, nitalirudia.

Mimi huanza na rula. Jina nalitafuta baadaye. Nilikipima kioo cha ukungu cha mama: sentimita 12 kwa 16 na nusu. Hiyo ni hafu pleti ya Waingereza, inchi 4¾ kwa 6½. Msiniulize ni nusu ya nini, maana ukiziweka mbili pamoja hupati fuli pleti yao, ambayo ni inchi 6½ kwa 8½. Waingereza na vipimo vyao tumewazoea. Kwota pleti ni inchi 3¼ kwa 4¼. Ukikuta sentimita kamili, 9 kwa 12 au 13 kwa 18, basi hiyo asili yake ni Ulaya bara, na mara nyingi ni ya Mjerumani. Mji wetu wa Dar es Salaam umepitiwa na rula zote mbili: ya Mjerumani mpaka Septemba 1916, kisha ya Mwingereza mpaka 1961. Enzi ya Mjerumani ndiyo iliyokuwa na watu kama mpiga picha Walther Dobbertin, ambaye picha zake za huku kwetu leo ziko katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Kwa hiyo kamera ikitoka kwenye dari la nyumba ya zamani hapa mjini, rula peke yake inaanza kukusimulia.

Kipimo kinagusa pesa moja kwa moja. Inchi 4 kwa 5 na 8 kwa 10 bado ziko hai: Ilford ya Uingereza, Kodak ya Marekani na Foma ya Cheki wanatengeneza filamu zake mpaka leo. Anayenunua ili apige picha atazitaka hizo. Hafu pleti ina wapenzi wachache, kwa sababu kwa vipimo vya ajabu namna hiyo Ilford hukusanya oda mara moja kwa mwaka. Na kasha nyingi za kamera hizo zilitengenezwa kwa ajili ya bamba la kioo lililotumika kabla ya filamu, ambalo ni nene kuliko filamu. Bila kile kibati chembamba cha kuibana, filamu inalegea na picha inatoka na ukungu. Kamera isiyo na kasha zake ni bunduki isiyo na risasi. Mama alikuwa nazo tatu. Dalali hakuzitazama hata.

Jina tulilikuta kwenye kibandiko cheupe kilichopigiliwa juu ya mbao: Thornton-Pickard, Altrincham. Kampuni hiyo ilianza Manchester mwaka 1888 kabla ya kuhamia Altrincham, na ilisifika kwa shata yake ya kitambaa, kile kinachofungua na kufunga mwanga, inayojiviringa kama pazia la dirisha. Unavuta kamba kuijaza, unabonyeza kipira cha hewa, pazia linashuka. Kasi zake ni kati ya 1/15 na 1/90 ya sekunde. Mfano wenyewe wa kamera hii ni Ruby. Ni kamera nzuri, mbao ya mkangazi, pembe zimeshikana barabara. Lakini zilitengenezwa nyingi mno. Nikamwambia mama ukweli: mwili huu peke yake hautakujengea nyumba.

Sasa hapa naomba nitoke njiani kidogo, maana nikitaja mbao kidonda changu kinauma.

Miaka ya tisini nilikuwa kijana mwanafunzi wa fundi mmoja, simtaji. Ikaletwa kamera ya Sanderson. Frederick Sanderson alikuwa seremala na mchongaji huko Cambridge, akapata hati ya ubunifu wake mwaka 1895, ule mfumo wa mikono yenye mifereji inayoruhusu ubao wa lenzi kupanda, kushuka na kuinama. Hii yetu haikuwa Sanderson ya kawaida. Mbao zake zilikuwa za msaji, pembeni zimefungwa mabamba ya shaba ya manjano yaliyokazwa kwa skrubu, mvukuto mwekundu. Walioziunda waliziita za kitropiki. Zilikusudiwa nchi kama yetu, ambako joto na unyevu wa bahari hulegeza gundi mpaka kamera inaachia viungo kama kiti cha ukumbini.

Mimi sikujua. Niliona shaba imefubaa na mbao imeingia weusi. Kwa kutaka kumfurahisha mkubwa wangu nikapiga msasa, nikapaka vanishi koti mbili, nikasugua shaba kwa Brasso mpaka unajiona meno. Nilipomaliza iling'aa kama trei ya harusi. Mnunuzi akaja, mzee wa Kihindi aliyekuwa akizikusanya. Akaishika, akaigeuza, akainusa. Hakusema neno. Akairudisha mezani taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto kwa mama yake, akaondoka. Baadaye nikaambiwa alichokuja kununua ni ule weusi. Alama za mikono ya watu kwa miaka themanini, mimi nimeziondoa kwa siku mbili na msasa wa shilingi mia.

Kwa hiyo wazee, kabla hujajua ulichonacho, kitambaa kikavu laini na brashi ya rangi iliyo mpya. Usitumie mafuta, usitumie sabuni, na kopo la Brasso liache kwenye vitasa vya milango.

Kuna faida moja niliyoipata kwenye kosa lile. Tangu siku hiyo kamera inayong'aa kupita kiasi inanitia shaka. Sokoni zimejaa kamera za pambo, mbao na shaba, nyingi zinatoka India, zimefanyizwa jana ili zionekane za juzi. Wala si dhambi, weka sebuleni kwako upendavyo. Ila usiinunue kwa bei ya babu yake. Fungua nyuma: hakuna kioo cha ukungu, au kipo lakini hakuna mahali pa kuchomeka kasha. Tazama lenzi: kipande kimoja cha kioo kama cha kusomea gazeti. Tazama skrubu: zikiwa na kichwa cha msalaba, cha bisibisi ya nyota, ujue skrubu za namna hiyo zilienea tangu miaka ya 1930. Kwenye kamera inayodaiwa ya 1900, ama fundi kama mimi alipita hapo, ama unadanganywa.

Turudi kwa mama. Kichwa cha shaba.

Hakikuwa na jina. Nje hapakuwa na maandishi yoyote, na ndicho alichokishika dalali: "Haina jina, haina thamani." Lakini niliona mambo mawili. La kwanza, kwenye ubao wa lenzi kulikuwa na matundu manne ya zamani yaliyozibwa kwa vijiti, duara lake dogo kuliko la lenzi iliyokuwepo. Maana yake lenzi hii na kamera hii hazikuzaliwa pamoja. Mwenye studio alitoa ya kwanza akaweka hii kwa makusudi. Mtu wa studio hafanyi kazi hiyo bure. La pili, ilikuwa nzito na ndefu kuliko lenzi za kawaida za kamera hizo, na kioo chake cha mbele kilikuwa kipana kama kikombe cha kahawa.

Nikazima taa ya kibanda, nikawasha tochi ya simu, nikaichungulia lenzi kwa pembeni. Jambo hili kila mmoja wenu anaweza kulifanya leo usiku. Kila uso wa kioo unaokutana na hewa unarudisha nukta moja kali ya mwanga. Vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa gundi vinarudisha nukta mbili kali na moja hafifu sana ya pale vilipogandana. Lenzi iliyokuwa ya kawaida kabisa kwenye kamera za aina ya Ruby, Rapid Rectilinear, ambayo Dallmeyer wa London aliitoa mwaka 1866, ina mafungu mawili, na kila fungu linatoa hizo mbili kali na moja hafifu. Mbele na nyuma sawa.

Ya mama, mbele ilitoa mbili kali na moja hafifu. Nyuma nikahesabu kali nne.

Nikahesabu tena. Nne. Vioo viwili vilivyoachana, hewa katikati. Huo ni mpangilio wa Petzval, lenzi ya picha za watu aliyoipigia hesabu Joseph Petzval mwaka 1840, wakati picha bado zinachukuliwa juu ya sahani za fedha na mtu anabanwa shingo asitikisike. Ilipitisha mwanga mwingi kuliko zote za wakati wake. Na ina tabia ambayo zamani ilikuwa kasoro na leo ni lulu: katikati sura ya mtu inakuwa kali, pembeni kila kitu kinazunguka na kuyeyuka. Vijana wanailipia hiyo kuliko wanavyolipia lenzi mpya.

Nikafungua fungu la nyuma, kwa uangalifu, huku nikichora kwenye karatasi kioo kipi kimetazama wapi, kwa sababu ukikigeuza kimoja wakati wa kurudisha lenzi inaharibika tabia na mtu atakuambia ni mbovu. Kwenye ukingo wa kioo, pale ambapo jicho halifiki, kulikuwa na mwandiko wa penseli umelala kwa mshazari. Nilimwita mama aje asome mwenyewe. *Darlot, Paris.* Darlot alikuwa mtengeneza lenzi wa Ufaransa wa karne ya 19, na lenzi zake nyingi ziliuzwa bila jina nje; jina liliachwa kwenye ukingo wa kioo, kwa mkono.

Mama akauliza, "Kwa hiyo dalali alijua?" Nikamwambia sijui kama alijua jina. Alijua uzito.

Si kila lenzi itakupa hadithi ya namna hiyo. Nyingi zimeandikwa wazi, shida ni kuzisoma. Kijana mmoja alinipigia simu kwa furaha kwamba lenzi yake ya zamani inaanzia 4, yaani inafunguka sana. Nikamwambia soma vizuri, kuna herufi U.S.? Zipo. Basi hizo si namba za f unazozijua, zile za kupima lenzi inavyofunguka, ambapo namba ndogo ni ufunguzi mkubwa. Ni kipimo cha zamani ambacho 4 yake ni f/8 yetu, 8 yake ni f/11, na vinakutana kwenye 16 peke yake. Furaha ikaisha. Rangi ya mng'ao nayo inasema: lenzi ikirudisha mwanga mweupe kama dirisha haina kile kipako cha kuzuia mng'ao, kwa hiyo yaelekea ni ya kabla ya vita vya pili, ikirudisha zambarau au buluu imepakwa. Herufi D.R.P. ni hati ya ubunifu ya Ujerumani, si jina la mtengenezaji, ingawa nimeshauziwa "kamera aina ya DRP" hapo Kariakoo.

Na mzee wetu aliyekaa pale mwisho, mstaafu wa magazeti, aliniletea Speed Graphic ya Graflex, ile ya waandishi wa habari wa Kimarekani. Lenzi yake Kodak Ektar, na mbele ya namba kuna herufi mbili, EO. Kodak walificha mwaka ndani ya neno CAMEROSITY: C ni 1, A ni 2, M ni 3, E ni 4, R ni 5, O ni 6, S ni 7, I ni 8, T ni 9, Y ni 0. EO ni 46. Mwaka 1946, mzee. Halafu nikamwuliza lile fimbo la flashi liko wapi, lile bomba linalong'aa linalobeba betri. Akasema wajukuu walilichezea, hajui lilipo. Wazee, litafuteni lile bomba! Bomba la flashi la Graflex ndilo lililogeuzwa kuwa upanga wa mwanga wa Luke Skywalker katika Star Wars ya 1977, na wapenzi wa sinema ile wanalinunua ghali kuliko kamera iliyolibeba. Mimi naona ni kichaa. Lakini bei haiulizi maoni yangu.

Hali ya kitu nitaipitia haraka. Ingia chumba cha giza, ingiza tochi ndani ya mvukuto, zunguka nje. Ukiona nyota, ni matundu, na mende wetu wanapenda sana mikunjo ya ngozi. Lenzi itazame dhidi ya mwanga: nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kwa masika yetu kuvu haikwepeki ukiifungia kwenye mkoba wa ngozi. Upinde wa mvua ukingoni ni gundi inayoachia. Matundu ya mvukuto yanazibika, kuvu iliyokwishaula kioo haizibiki.

Bei, sasa. Naona mmejiweka sawa kwenye viti.

Msitazame bei anazotaja muuzaji mtandaoni. Mtu yeyote anaweza kuandika dola 3,000 na kukaa nazo miaka sita. Tafuteni vitu vilivyokwisha kuuzwa, minadani, mnunuzi kalipa kaondoka. Hapo mtaona hafu pleti ya Mwingereza iliyo kamili, na lenzi yake ya kawaida, mara nyingi inaishia dola mia na kitu, mia mbili. Kamera ya Deardorff ya Chicago ya 8 kwa 10 iliyo nzima inavuka elfu. Petzval inategemea ukubwa na jina, na inaweza kuizidi kamera iliyoibeba mara tatu, mara nne. Ndiyo maana madalali wanafungua skrubu za mbele tu. Kisha toa gharama ya kutuma, ushuru, na hasara ya uongo wa "nitakulipa ikifika".

Kuna kitu hakimo kwenye bei hizo. Kwenye kasha tatu za mama, kila moja imeandikwa kwa penseli kwa mkono wa baba yake: majina ya wateja, tarehe, "arusi", "pasi", moja imeandikwa "mtoto anatikisika, rudia". Zanzibar kuna Capital Art Studio iliyofunguliwa mwaka 1930, na watu wanatoka mbali kwenda kutazama picha zake kwa sababu mtu fulani alikataa kutupa negativu. Mnunuzi wa Ulaya hatalipia "mtoto anatikisika". Ila ukiziachanisha hizo kasha na hiyo kamera, hakuna mnada utakaozirudisha pamoja.

Mama aliuza lenzi. Najua wengine mlitarajia niseme aliikatalia. Alikuwa na ada ya kulipa, na lenzi haikuwa ya kamera hii tangu mwanzo. Aliiuza kwa jina lake na mwandiko wake wa penseli, picha za ule ukingo zikatangulia, na alipata mara nyingi zaidi ya bei ya redio. Sanduku na kasha akabaki nazo. Leo kaniazima.

Mbele, pale palipokuwa na Darlot, nimeweka kipande cha kopo la soda chenye tundu la sindano, kama nusu milimita na kidogo. Ndani ya kasha kuna filamu ya eksirei niliyoikata gizani, maana ndiyo rahisi kupatikana hapa mjini. Hesabu yangu kwa jua hili la uani ni sekunde kumi. Mama mwenyewe yuko hapa, mstari wa pili, na amekubali kukaa. Naomba mtu abebe kiti akiweke ukutani, mwingine anishikie kaniki. Mama, ukikaa, tazama hili tundu, pumua kidogo kidogo. Nikisema moja usitikisike, maana baba yako aliandika hapa nini cha kufanya ukitikisika.